Mkongwe Aliyeanguka Kwanza

Watangazaji wa michezo hupenda kuwagombanisha mkongwe na chipukizi: mmoja anashuka, mwingine anapanda, basi. Nafuatilia mashindano ya wanaume ya kuteleza kisanii kwenye barafu kupitia simu, nikiwa katika jiji la joto na jasho, na naona simulizi hiyo inaficha jambo zuri kuliko zote katika mchezo huu.

Tazama mruko wa Axel wa mizunguko minne. Miruko mingine mtelezaji huianza akienda kinyumenyume. Axel huanzwa ukitazama mbele, hivyo hudai nusu mzunguko zaidi: minne na nusu, hewani, kwa muda usiofika sekunde moja.

Februari 2022 Yuzuru Hanyu wa Japani alifika Beijing akiwa na miaka 27 na dhahabu mbili za Olimpiki, za 2014 na 2018. Katika programu fupi kisu cha kiatu chake kilinasa kwenye shimo la barafu. Akashika nafasi ya nane. Mtu wa hesabu angecheza salama programu ndefu aokote medali. Yeye akaianza kwa Axel hiyo, akaanguka. Mzunguko haukukamilika, ila waamuzi waliutambua mruko kuwa ni huo huo, kwa mara ya kwanza katika mashindano ya kimataifa. Alimaliza wa nne; dhahabu ilikwenda kwa Nathan Chen wa Marekani.

Na malipo yenyewe? Jedwali la alama liliupa mruko huo 12.5, wakati Lutz ya mizunguko minne ilikuwa 11.5. Alama moja! Hakuna anayehatarisha nyonga zake kwa alama moja. Ndiyo maana siwezi kuliita jaribio lile kosa la mkakati. Kwangu mimi, ninayeshinda na miswada ya washairi, ule ulikuwa mswada: umefutwafutwa, lakini unasomeka.

Aliyeusoma ni Ilia Malinin, Mmarekani wa miaka 17. Miezi saba baadaye, mjini Lake Placid, aliukamilisha mruko huo na kutua kwa mguu mmoja, na amesema hadharani kuwa Hanyu ndiye aliyempa hamasa.

Simsifu Malinin kwa kila kitu. Axel ya Hanyu ya mizunguko mitatu huchomoza katikati ya hatua za miguu kama neno ndani ya sentensi, hujui ameiandaa saa ngapi. Miruko ya Malinin wa mwanzo ilikuwa vichwa vya habari visivyo na habari chini yake. Mikono ilisubiri tu zamu ya kuruka ifike. Huko Montreal mwaka 2024, alipotwaa ubingwa wa dunia kwa miruko sita ya mizunguko minne katika programu moja, nilianza kuona mwili wake ukisikiliza muziki hata kati ya miruko.

Hanyu alikuwa ameshaacha kushindana tangu Julai 2022, akahamia kwenye maonyesho yasiyo na waamuzi. Axel ile hakuwahi kuitua katika shindano lolote.