Wakati na Usaliti katika Betrayal ya Harold Pinter

Tamthilia hii, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1978, huanzia pale ambapo hadithi nyingi za mapenzi hukomea. Emma na Jerry wanakutana baani mwaka 1977, miaka miwili baada ya uhusiano wao wa siri kuvunjika. Maonyesho tisa yanatufikisha 1968, ulipochipuka.

Ni rahisi kuuita muundo huu mbinu rejeshi. Istilahi hiyo haitoshi. Mbinu rejeshi aghalabu huwa na mhusika anayekumbuka. Hapa msuko wenyewe ndio uliopinduliwa. Tena haukupinduliwa wote. Onyesho la pili, la sita na la saba husonga mbele, na yote hufuatia kufichuka kwa siri. Katika la pili, kwa mfano, Jerry anang'amua kwamba Robert, mumewe Emma na rafiki yake wa chanda na pete, ameujua usaliti huo kwa miaka minne.

Hivyo basi, ujuzi huenda mbele, mapenzi yakarudi nyuma. Ndiyo maana Jerry anapotamka mapenzi yake katika onyesho la mwisho, hadhira haifurahi: inayajua yatakayofuata, naye hayajui.