Sauti Mbovu, Neno Zima: Kaseti za Daniel Johnston na Swali la "Funzo"

Katika makala hii nakusudia kujadili kazi za Mmarekani mmoja, Daniel Johnston, aliyetunga nyimbo za majonzi na kuzirekodi nyumbani kwao kwa redio kaseti ya kawaida. Lakini nitakuwa namdanganya msomaji nikisema kwamba nilianza na yeye. Nilianza na shairi langu mwenyewe, na aibu iliyonipata kwa ajili yake.

Muhula uliopita tulitakiwa kuwasilisha kazi za kubuni mbele ya darasa. Mimi nilipeleka shairi nililotunga baada ya kumzika mdogo wangu. Nilikuwa nimelirekodi kwa simu, usiku, bwenini, nimejifunika blanketi ili kelele za nje zisiingie, huku rafiki yangu akinipigia gitaa lenye nyuzi tano. Wa sita ulikuwa umekatika na hela ya kununua mwingine hatukuwa nayo. Kelele ziliingia vilevile. Feni ilisikika, na katikati ya ubeti wa pili mtu aliburuta ndoo koridoni. Liliposikilizwa darasani, hoja zilizotolewa zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: "Bwana, hii umerekodia jikoni?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: kwamba shairi lenyewe ni kilio kitupu, halina ujumbe, na je, jamii inajifunza nini hapa? Nilikosa jibu, nikakaa.

Makala hii ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa. Ninavyoona mimi, maswali yale mawili, la sauti na la funzo, ni swali moja lenye nguo mbili. Yote mawili yanamtaka mtunzi asafishe kwanza kabla hajaingia sebuleni kwa watu. Na sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuyauliza bila kujiuliza tunasafisha nini.

Mtunzi na zana zake

Daniel Johnston alizaliwa mwaka 1961 huko California, akakulia West Virginia katika familia ya Kikristo iliyoshika dini sana. Kaseti yake ya kwanza, Songs of Pain, aliirekodi kati ya mwaka 1980 na 1981 katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake. Alikuwa na piano ya nyumbani, redio kaseti, na basi. Hakukuwa na studio, wala prodyuza, wala kampuni. Nyimbo nyingi za wakati huo zinamzunguka msichana aliyesoma naye chuoni, ambaye hakuwa wake, na ambaye aliolewa na mtu mwenye kazi ya kuandaa maiti kwa mazishi. Ndiyo maana katika nyimbo zake mapenzi na jeneza havikai mbalimbali.

Baadaye alihamia Texas. Mwaka 1983 alitoa kaseti mbili zinazotajwa zaidi, Yip/Jump Music na Hi, How Are You. Hapo piano haipo tena. Anapiga kinanda kidogo cha bei rahisi, cha aina wanayonunuliwa watoto. Katika mji wa Austin alifanya kazi McDonald's, akawa anagawa kaseti zake mkono kwa mkono, majalada akiyachora mwenyewe.

Liko jambo moja ambalo kila nikilifikiria linanishangaza. Mwanzoni hakuwa na mashine ya kunakili kaseti. Mtu akitaka nakala, Johnston aliketi akaimba kaseti nzima upya, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hebu msomaji apige picha hiyo! Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba kazi ya fasihi simulizi huzaliwa upya kila inapotendwa, na kwamba fanani huibadilisha kulingana na hadhira iliyo mbele yake. Tulikariri hayo kwa ajili ya mtihani, tukiwafikiria mabibi na watambaji wa vijijini. Kumbe kijana mwenye redio kaseti, katika nchi yenye viwanda vya kila namna, alirudishwa kwenye utendaji uleule na umaskini wa zana zake.

Kelele kama mandhari

Kwa upande wa fani, tumezoea kutafuta muundo, mtindo, wahusika, matumizi ya lugha na mandhari. Sasa tuuweke wapi mkwaruzo wa kaseti? Tuuweke wapi mlio wa kitufe kinachobonyezwa kabla mtu hajaanza kuimba? Wengi watasema hiyo si fani, ni hitilafu. Mimi nasema ni mandhari.

Kitufe kinapolia, msikilizaji anajua papo hapo yuko wapi: chumbani, na mtu mmoja, hakuna mwingine. Johnston alifikia hata kurekodi kwa siri sauti ya mama yake akimgombeza. Filamu ya mwaka 2005 juu ya maisha yake, The Devil and Daniel Johnston, inatusikilizisha ugomvi huo wa nyumbani. Studio nzuri ingefuta yote haya. Ingebaki sauti nyembamba inayotetemeka, imeelea hewani, haina nyumba.

Tuchukue wimbo "The Story of an Artist", uliomo katika kaseti ya mwaka 1982, Don't Be Scared. Msimulizi anatueleza habari za msanii fulani. Ndugu na marafiki wanamsumbua atafute kazi ya maana. Wanamwambia kazi zake hawazipendi na hakuna atakayezipenda, tena kwamba ana ugonjwa. Yeye anatembea peke yake, wao wanakaa mbele ya televisheni wakifurahi. Jambo la kuangalia hapa ni nafsi. Mtunzi anatumia nafsi ya tatu. Hasemi "mimi", anasema "msanii". Katika karatasi tungeweza kuamini kwamba anamzungumzia mtu mwingine. Lakini katika kaseti tunamsikia yuko kwao, kwenye nyumba ileile ambamo maneno hayo yanasemwa, na kinaya kinatuchoma. Huyo "yeye" ni pazia jembamba mno. Kwa hiyo chumba kinafanya kazi ambayo maneno peke yake yasingeifanya. Kama hiyo si fani, basi sijui fani ni nini.

Kilio na funzo

Sasa tuje kwenye maudhui, mahali ambapo nilishindwa kujibu. Katika Yip/Jump Music umo wimbo juu ya Casper, yule mzimu mpole wa katuni za watoto. Johnston anampa Casper maisha ya kabla ya kifo: alikuwa mtu aliyeitwa mvivu, akadharauliwa, akavumilia huku akitabasamu. Alipokufa ndipo kila mtu akaanza kumpenda. Wimbo unaishia hapo. Hakuna ubeti wa kutuambia tuwapende watu wakiwa hai.

Mara ya kwanza kuusikia, nilikumbuka msiba wetu. Mdogo wangu aliugua miezi saba. Waliokuja kumtazama walikuwa wachache, ningeweza kuwahesabu kwa vidole. Siku ya maziko magari yalijaa hadi barabarani, na michango ilikuja kutoka kwa watu ambao hata jina lake walilikosea. Mtunzi wa Marekani, akiimba habari za katuni kwa kinanda cha mtoto, alikuwa ameshalisema jambo hilo kabla mimi sijazaliwa. Alilisema bila kunifundisha chochote. Alinionyesha tu, akaniacha nalo. Na mimi nadai kwamba funzo ambalo msikilizaji analifikia mwenyewe akiwa peke yake linamkaa zaidi kuliko lile analowekewa mdomoni.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Hapa kwetu mjadala huu ni wa zamani. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 alikuta tayari kuna milango yenye mabawabu. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameshatoa Sheria za Kutunga Mashairi tangu mwaka 1954, na wanamapokeo waliona kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Kezilahabi aliitetea lugha ya kila siku, lugha ya mazungumzo, kuwa yafaa kwa ushairi. Akapingwa kwa fani. Kisha akapingwa na wengine kwa maudhui: kwamba amekata tamaa, kwamba hana matumaini ya kuipa jamii. Kazimoto wa Kichwamaji anajiua, na kuna wahakiki ambao hawakumsamehe mwandishi kwa hilo. Tazameni basi: ni hoja zilezile mbili nilizozipata mimi darasani, ya umbo lisilosafishwa na ya majonzi yasiyo na funzo. Johnston alifariki Septemba 2019, Kezilahabi Januari 2020. Hakuna dalili kwamba mmoja alimjua mwenzake, lakini kesi yao ilikuwa moja.

Na hadhira yetu je? Mtu atasema Waswahili hawapendi nyimbo za vifo. Si kweli, jamani. Remmy Ongala, aliyefariki mwaka 2010, aliimba "Kifo" akiwa na bendi ya Super Matimila, na watu walicheza. Hadhira ilikuwa tayari siku nyingi. Wanaosita ni sisi wenye kalamu nyekundu.

Tahadhari mbili

Hata hivyo, nikiishia hapa nitakuwa nimetetea upande wangu tu. Zipo hatari mbili, na zote nimekaribia kutumbukia.

Ya kwanza ni kuusifu ugonjwa. Johnston aliugua sana ugonjwa wa akili, akaingia na kutoka hospitalini miaka mingi. Mwaka 1990, akirudi kutoka kwenye onyesho mjini Austin katika ndege ndogo iliyorushwa na baba yake, alichomoa ufunguo na kuutupa nje. Ndege ilianguka; Mungu bariki, wote wawili walipona. Wako wasikilizaji wanaosimulia kisa hiki kwa furaha, kana kwamba ndicho wimbo wake bora. Huo si uhakiki, ni umbeya. Ugonjwa ulimnyang'anya siku za kutunga, haukumtungia. Casper alitungwa na mtu mwenye akili ya kuchagua mhusika wa katuni kwa jambo zito namna hiyo.

Ya pili ni kuusifu umaskini. Johnston hakuchagua redio kaseti ili apendeze. Alitaka kujulikana. Alipopata nafasi ya kuonekana MTV mwaka 1985 aliikimbilia. Kurt Cobain wa Nirvana alipovaa fulana yenye mchoro wa jalada la Hi, How Are You mwaka 1992, jina lake lilienea, na mwaka 1994 akatoa albamu Fun chini ya kampuni kubwa ya Atlantic. Haikuuzwa sana, na mwaka 1996 kampuni ikaachana naye. Anayeimba huku akigawa baga hahitaji tumwambie kwamba dhiki yake ni nzuri. Anahitaji hela, na nyuzi za gitaa.

Kwa hiyo mkwaruzo wa kaseti haulifanyi shairi kuwa zuri. Ushahidi upo: mwaka 2004 ilitoka albamu ambamo wanamuziki wengine, akiwemo Tom Waits, waliziimba nyimbo za Johnston kwa vyombo vyao. Nyimbo zilisimama bila mkwaruzo. Maneno yalikuwa mazima tangu mwanzo. Faida ya zana duni ni nyingine, na ni chungu: hazina pa kulifichia neno. Studio inaweza kulivisha neno bovu vinanda na mwangwi hadi lipite. Mbele ya redio kaseti, au simu chini ya blanketi, neno bovu linabaki uchi.

Hitimisho

Baada ya kuyaandika haya nilirudi kulisikiliza shairi langu, safari hii kama mhakiki. Feni haikunisumbua. Ndoo nayo, nakiri, niliipenda. Usiku ule aliyeiburuta alikuwa anaendelea na maisha yake, na ndivyo ilivyokuwa hata siku ya maziko. Kilichonisumbua ni ubeti wa nne. Humo nilikuwa nimesema kwamba mdogo wangu amepumzika na kwamba sisi tuliobaki tumepata nguvu ya kusonga mbele. Si kweli. Mama hajasonga popote. Sahani yake bado anaiosha na kuirudisha kabatini. Ubeti ule niliuweka kwa ajili ya darasa, ili mtu akiuliza funzo niwe na cha kuonyesha. Na ajabu ni kwamba hakuna aliyeliona funzo hilo, kwa sababu sauti yangu yenyewe haikuliamini.

Basi nimeutoa. Mahali pake nimeweka sahani. Nimerekodi tena kwa simu ileile, gitaa bado lina nyuzi tano, feni inazunguka. Wahakiki wenzangu, siku nyingine mtu akituletea kilio chake kilichorekodiwa jikoni, tusianze na jiko, wala tusianze na funzo. Tumwonyeshe ni neno gani hapo ambalo yeye mwenyewe haliamini. Hilo ndilo nililolihitaji siku ile, na hakuna aliyenipa.