Kurudiwa, Kurudi na Kurudisha: Dhana ya Adhabu na Toba ya Kibiblia katika Nchi ya Majani Chai

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952, kitenzi rudi kimebeba maana mbili. Katika Mithali 3:12 na Waebrania 12:6 ni kumtia mtu adabu kwa mapigo. Katika Hosea 6:1, kikiwa katika kauli ya kutendea, ni kuiacha njia mbaya na kumwendea Mungu tena. Kiebrania hutenga dhana hizi: musar ni adabu, shuv ni kurejea. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili amepewa, kwa sadfa ya lugha, hoja nzima ya kitheolojia ndani ya umbo moja la neno: anayerudiwa ndiye atakayerudi. Biblia ya Habari Njema, kwa kupendelea kitenzi adhibu, imepata uwazi na kupoteza utajiri huo.

Sadfa hiyo si mchezo wa maneno tu. Inaifanya shida ionekane kama hatua ya lazima katika safari ya toba, na hapo ndipo uhakiki unapopaswa kuuliza: shida ya nani, na toba ya nani? Amosi 4 ndiyo matini inayofaa kuanzia. Njaa, ukame, ukungu wa mazao pamoja na nzige, tauni na upanga, kisha maangamizi yanayofananishwa na ya Sodoma, vinatajwa kimoja baada ya kingine, na mara tano kiitikio kilekile kinasikika, kwamba watu hawakumrudia Mungu. Wasomaji wengi hukisikia kiitikio wakasahau utangulizi. Sura hiyo inaanza kwa kuwashutumu wenye shibe wa Samaria ambao huwaonea maskini. Marudi ya Amosi yanaelekezwa, kwanza kabisa, kwa mwonevu.

Hali inakuwa tofauti matini hii inaposomwa Kericho na Bomet. Makanisa ya kule yana historia ndefu ya mahubiri ya toba, hasa kupitia misheni ya Tenwek, na katika mashamba ya majani chai, ambako wafanyakazi wametoka jamii nyingi, Kiswahili ndicho kiunganishi. Ardhi yenyewe ina simulizi yake. Baada ya Vita Kuu ya 1914–1918, maofisa walemavu wa Uingereza walitengewa takriban ekari 25,000 huko Kericho ili wakuze kitani. Mradi ukaporomoka upesi, na katika miaka ya 1920 kampuni za majani chai zikaingia. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Takriban watu 700, wazee kwa watoto, walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye mbung'o na malaria.

Sheria hiyo inastahili kusomwa kama matini. Inaazima umbo la simulizi ya adhabu, yaani kosa, kuondolewa na matumaini ya utulivu, lakini inamweka mtawala mahali pa Mungu na ukoo mahali pa mkosaji. Mtoto mchanga anahukumiwa kwa jina la babu yake. Ezekieli 18 inaikataa fikra hiyo bayana, na katika Luka 13 Yesu anakataa kuwahesabu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu kuwa wakosaji kuliko wengine, ingawa papo hapo anawaita wasikilizaji wake watubu. Mvutano huo ni muhimu: toba inadaiwa kwa anayesikia habari za msiba, wala si kwa kusoma hatia katika mwili wa aliyeupata. Mhubiri anayemwambia aliyefukuzwa kwamba amerudiwa na Mungu anajiunga na rafiki za Ayubu, ambao mwishoni mwa kitabu ndio wanaokemewa.

Ipo hoja kinzani yenye nguvu. Manase, katika 2 Mambo ya Nyakati 33, anapelekwa Babeli kwa minyororo, ananyenyekea katika dhiki, kisha anarudishwa Yerusalemu. Je, si kielelezo cha uhamisho unaozaa toba? Ni kielelezo, lakini Manase alikuwa mfalme aliyemwaga damu. Tena 2 Wafalme 21, inayosimulia utawala uleule, haitaji toba yake hata kidogo. Wasimulizi wa Biblia wenyewe hawakukubaliana kwamba dhiki lazima ifasiriwe hivyo.

Matini iliyo karibu zaidi na Kericho ni 1 Wafalme 21, ingawa haitajwi sana katika mjadala wa marudi. Ahabu anatwaa shamba la Nabothi; Eliya anatangaza adhabu; Ahabu anararua mavazi yake na kufunga, nayo adhabu inaahirishwa hadi siku za mwanawe. Jambo ambalo msimulizi hasemi ni kwamba shamba lilirudishwa. Hapa kitenzi rudi kinadai kauli yake ya tatu, ya kusababisha, ambayo Zakayo aliielewa alipoahidi kulipa mara nne. Ahabu anarudiwa, anarudi kwa namna fulani, lakini harudishi. Mwaka 2023 Mfalme Charles wa Tatu, akiwa Nairobi, alieleza majuto juu ya maovu ya ukoloni bila kuomba radhi rasmi. Mwaka uliotangulia, Talai na Wakipsigis walikuwa wameishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Shamba la Nabothi linarejea katika 2 Wafalme 9, pale Yehu anapoamuru maiti ya Yoramu itupwe humo. Aya ya 26 inataja damu ya Nabothi pamoja na damu ya wanawe, kwa hiyo hapakuwa na mrithi wa kulidai. Gwassi iliwaachia Talai warithi.