Nani Alishika Brashi?

Picha iliyosifiwa zaidi ilikuwa ya nyumba, mti mmoja na jua la njano kwenye kona. Ilikuwa safi sana. Naijua vizuri kwa sababu niliichora mimi.

Nilikuwa nimeombwa kusaidia kipindi cha rangi katika kitengo maalum cha shule moja hapa Mlolongo. (Ukiacha chuo kila mtu anadhani una wakati. Ukweli usemwe, ninao.) Wageni walikuwa waje Ijumaa na kuta zilitakiwa zijae. Mvulana wa miaka 10, mwenye usonji, alichovya brashi kwenye rangi nyeusi, akachora duara. Kisha lingine kando yake. Kisha lingine. Nilihesabu 17, yote yamepangwa mstari mmoja chini ya karatasi.

Mwalimu akaniambia, "Hebu msaidie achore kitu."

Nikageuza karatasi, nikamshika mkono. Mkono ukakaza, halafu ukalegea kabisa. Nikadhani amekubali.

Jioni, nikingoja matatu karibu na mizani, malori yakijivuta kwenye foleni, nikaona magurudumu. Manze! Nikafurahi kwamba nimemwelewa. Lakini hata hapo nilikuwa namchorea nyumba nyingine. Huenda yalikuwa maduara tu. Picha ya mtu mzima ikiwa na maduara 17 hatuombi iwe lori kwanza ndiyo tuiangalie.

Basi tuiangalie. Duara la kwanza ni zito, rangi imejaa hadi inadondoka. Kufikia la tano brashi imekauka na unaona nyuzi zake. La sita ni zito tena. Alijua wakati wa kuchovya. Kati ya la 11 na la 12 kuna pengo, na la mwisho limekatwa na ukingo, kana kwamba mstari unaendelea nje ya karatasi. Jua langu halina hata kimoja cha hivyo.

Judith Scott, Mmarekani aliyezaliwa 1943 akiwa na hali ya Down, na asiyesikia, alifungiwa kwenye taasisi miaka zaidi ya 30 hadi pacha wake alipomtoa. Mwaka 1987 alianza kwenda Creative Growth, studio ya wasanii wenye ulemavu kule Oakland. Walimpa rangi na penseli, karibu miaka miwili, na hazikumvutia. Siku moja akakutana na nyuzi. Akaanza kuzungushia vitu nyuzi hadi visionekane tena. Hakueleza maana, na hakuna aliyemwambia atengeneze kikapu. Alifariki 2005, mwaka 2014 Brooklyn Museum ikafungua maonyesho makubwa ya kazi zake.

Sisemi mwalimu akae tu. Bandika karatasi mezani isiteleze. Funga kitambaa kwenye mpini wa brashi mwembamba ili ushikike. Mpe rangi nyingine akiitaka. CBC yenyewe imewawekea watoto hawa njia ya hatua, kila mmoja aende kwa kasi yake, kwa hivyo haraka ilikuwa ya wageni, na yangu.

Ijumaa nyumba ilikuwa ukutani, jina la kijana chini yake. Mgeni mmoja aliipiga picha kwa simu. Maduara yalikuwa upande wa pili, yametazama ukuta, na selotepu kwenye pembe zote nne. Kijana alipita akaingiza kidole chini ya pembe moja, akachungulia nyuma.

Akaniambia, "Anko, toa."

Nikamwambia angoje wageni waende.