Kulipokea Neno la Marehemu

Katika vilima vya Irqwar Da'aw, Mbulu, Tanzania, na kote wanakoishi Wairaqw hadi chini ya Mlima Hanang, slufay, sala yao ya kishairi, haimalizwi na mtu mmoja. Mzee huongoza, huomba mvua, uzazi, mifugo na amani, humtaja Looaa, Mungu wao, na wenzake humwitikia. Maneno mengi ameyarithi kwa wazee waliokwisha kuzikwa, lakini huyapanga upya kwa haja ya siku ile. Nami naipenda kazi hiyo kwa sababu inafanyika mbele za watu: akigeuza neno, waitikiaji wapo, wanasikia.

Mhariri wa shairi lililoachwa na marehemu hana waitikiaji. Yuko peke yake na karatasi, na aliyetunga hawezi kumkataza. Mshairi Philip Sidney wa Uingereza alifariki mwaka 1586 akiwa amezitia katika ushairi Zaburi 43 tu. Dada yake, Mary, akatunga 107 zilizobaki, kisha akazirudia hata zile za kaka yake na kuzirekebisha. Ni mapenzi makubwa, na ni ujasiri mkubwa pia. Heri nakala za kazi ya Philip kabla ya marekebisho zilisalia, ndiyo maana leo tunaweza kuona dada alipotia mkono.

Lakini ninayemheshimu kuliko wote ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa. Mshairi Muyaka bin Haji alipofariki, yapata mwaka 1840, mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Sikujua aliyakusanya, na pamoja na beti akahifadhi visa vyake, akimfafanulia mmisionari William Taylor. Muyaka alitunga kwa kujibu: vita, hasimu, njaa, mapenzi. Shairi la namna hiyo likiondolewa kisa chake hubaki jibu lisilo na swali. Diwani ya Muyaka ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, Sikujua mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka 1890.

Funzo hilo latufaa nasi, kwa kuwa siku hizi slufay huweza kurekodiwa kwa simu. Anayetaka kuichapa aandike nani aliongoza, mahali gani, mwaka ule watu walikuwa na shida gani, na waitikiaji walijibu nini. Na mzee wa Dongobesh akiitamka tofauti na wa Kainam, zichapwe zote mbili, kila moja kwa jina la mwenyewe.