Kigingi cha Kushukia: Taifa, Sihiri na Ufundi katika Hadithi ya Farasi wa Mpingo

Utangulizi

Fasihi ya kifantasia imezoea kuhukumiwa kwa kipimo kisicho chake. Huulizwa iwapo mambo yasimuliwayo yanaweza kutukia. Kwa kuwa jibu huwa ni la, msomaji huachiwa njia mbili: ama ayachukue mambo hayo kuwa burudani ya watoto, ama ayafumbue kama fumbo ambalo kila kilichomo ndani yake kinasimamia kitu kingine kilicho nje. Njia hizi huonekana kupingana, lakini zote mbili hukiruka chombo cha ajabu chenyewe. Hakuna inayouliza kilitengenezwa na nani, kwa malipo gani, na nani mwingine anajua kukitumia. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba maswali haya ndiyo yanayotufungulia siasa ya matini za aina hii, hasa zile ambamo mataifa mbalimbali yana ufundi wao wa kisihiri. Tutajikita katika hadithi ya farasi wa mpingo iliyomo katika Alfu Lela Ulela, kisha tuilinganishe kwa ufupi na riwaya mbili za Kiswahili.

Mafundi watatu

Katika tafsiri ya Richard Burton ya mwaka 1885, mfalme wa Uajemi anawapokea mabingwa watatu siku ya sikukuu. Wa kwanza ni Mhindi, wa pili ni Mrumi, yaani Myunani, na wa tatu ni Mwajemi. Mhindi ameleta sanamu ya mtu wa dhahabu mwenye tarumbeta, ambayo ikisimamishwa langoni mwa mji humtambua adui na kumwangamiza. Mrumi ameleta tausi wa dhahabu mwenye makinda ishirini na manne, ambaye huonyesha kupita kwa kila saa na kuandama kwa mwezi. Mwajemi ameleta farasi wa mpingo awezaye kwenda kwa siku moja masafa ya mwaka mzima.

Tunaona hapa mgawanyo wa kazi baina ya mataifa. Taifa moja limebuni ulinzi, la pili limebuni kipimo cha wakati, na la tatu limebuni mwendo. Mtawala aliye na vyote vitatu ameyapata karibu mambo yote ambayo dola huyahitaji: kujua adui yuko wapi, kujua saa ngapi, na kufika upesi. Si ajabu basi kwamba mfalme havitazami vyombo hivi kama sihiri ya kuogopwa. Anavijaribu kimoja kimoja, anaridhika, ndipo analipa. Huu ni mwenendo wa mnunuzi.

Malipo yenyewe ni mabinti wa mfalme. Mhindi na Mrumi wanakubaliwa posa zao. Binti wa tatu analia kwa kuwa Mwajemi ni mzee tena wa sura ya kuchukiza, na kilio hicho ndicho kinachomwingiza kaka yake katika kisa. Wahakiki wengi wangeliona tukio hili kuwa hila ya msimulizi ya kuanzisha safari. Kwetu sisi lina uzito zaidi. Hadithi inakiri kwamba maarifa yaliyonunuliwa na dola yanalipiwa na mtu ambaye hakuulizwa. Aidha, kati ya mafundi watatu, aliyekosa malipo na kutiwa gerezani ni yule wa nchi ya mfalme mwenyewe.

Vigingi viwili

Kitovu cha hadithi ni kigingi. Mwana wa mfalme anapanda farasi, fundi anamwonyesha kigingi cha kupandia, naye anapaa mpaka watu wanamtoka machoni. Hajui kushuka. Je, ni choyo cha fundi aliyechukizwa, au ni pupa ya kijana ambaye hakungoja kumaliza kufundishwa? Matini yanaturuhusu kuwashuku wote wawili, na nadhani hapo ndipo busara yake ilipo. Uhamishaji wa maarifa huharibika pande zote mbili: kwa mwenye kuficha na kwa mwenye haraka. Kijana anaokoka kwa kuukagua mwili wa farasi kwa mikono yake mpaka anakipata kigingi cha pili upande wa kushoto. Hasomi dua wala hatumii hirizi. Anafanya uchunguzi.

Tangu hapo hadithi inagawa watu katika makundi mawili: wanaojua vigingi na wasiovijua. Farasi anampeleka kijana hadi Sana'a, Yemeni, ambako anampenda binti wa mfalme na kurudi naye Uajemi. Fundi aliyekwisha kutolewa gerezani bila ya kupewa haki yake anamwiba binti huyo pamoja na farasi na kukimbilia nchi ya Rum. Mfalme wa huko anamnyang'anya vyote viwili. Lakini amekuwa na nini mkononi? Farasi anakaa katika hazina yake kama pambo, kwa sababu hakuna mtu katika dola nzima ajuaye kwamba anaruka. Binti naye anajifanya mwenda wazimu ili asiguswe. Mwana wa mfalme anakuja kwa sura ya mganga na kudai kwamba uganga lazima ufanyike mbele ya farasi. Mfalme na askari wake wanasimama kutazama tiba, na wagonjwa wao wanapaa.

Tukio hili linastahili kusomwa polepole. Farasi ni yule yule, vigingi ni vile vile. Kwa kijana, hiki ni chombo. Kwa mfalme wa Rum, hii ni kazi ya majini. Sihiri, kwa mujibu wa hadithi hii, si sifa ya kitu. Ni uhusiano baina ya kitu na mtu ambaye amenyimwa maarifa yake. Lugha yetu imelijua jambo hili siku nyingi: mahali kadha wa kadha pwani, neno fundi humhusu anayechonga mlango na pia anayepunga pepo. Mpaka baina ya kazi hizo mbili huchorwa na mtazamaji.

Hatimaye mfalme wa Uajemi anamvunja farasi na kuuharibu mtambo wake. Kwa baba aliyekaribia kumpoteza mwanawe, kitendo hiki kinaeleweka. Kwa taifa, ni hasara isiyofidika, kwani mtambo haukuandikwa popote na fundi wake hayupo tena kuutengeneza mwingine.

Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba tunaibebesha hekaya ya zamani mashaka ya zama zetu. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama wasikilizaji wa kale wasingeijua mitambo. Lakini ndugu watatu wa Banu Musa waliandika kitabu cha vyombo vya hila mjini Baghdad katika karne ya 9, na mwaka 1206 al-Jazari alikamilisha chake huko Diyarbakir, chenye saa za maji na vyombo vyenye sura za tausi. Saa yake ya tembo ilitumia bakuli lenye tundu lizamalo polepole, mbinu iliyojulikana India, naye aliwataja waliomtangulia, akiwemo Archimedes. Isitoshe, alitoa vipimo na michoro ili fundi mwingine aweze kujenga. Hadithi inampa kila taifa chombo chake na siri yake, ilhali kitabu kinachanganya urithi wa mataifa na kuiweka siri wazi. Kwa hiyo hofu ya hadithi haikutokana na ujinga wa mitambo. Ilitokana na kujua kwamba mitambo ipo na kwamba maarifa yake yaweza kufungiwa.

Kusadikika na Walenisi

Tukija kwenye fasihi yetu, Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) inaligeuza suala hili. Nchi hiyo ielea angani, lakini mwandishi hajishughulishi na mtambo unaoishikilia. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, zikiwemo mbinguni na ardhini, na wanaporudi na maarifa ya kuifaa nchi wanatiwa kifungoni. Ni kwa utetezi wa Karama barazani ndipo wanapofunguliwa. Mfalme wa Uajemi alikipokea chombo na kukosa maarifa. Watawala wa Kusadikika waliletewa maarifa wakayafunga pamoja na walioyaleta.

Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), anakwenda mbali zaidi. Dzombo anahukumiwa kufa na kutiwa ndani ya chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa kaburi lake. Anafaulu kukiongoza, naye anafika katika nchi ambayo jina lake lenyewe, wale ni sisi, linafuta mpaka baina ya wenye kujua na wasiojua. Chombo cha kuulia kimekuwa chombo cha ukombozi bila ya kubadilishwa msumari mmoja. Kilichobadilika ni kwamba aliyefungiwa ndani amejua kukiendesha.

Hitimisho

Matini haya matatu yametoka katika mazingira yaliyo mbalimbali, na hatudai kwamba moja limezaa jingine. Tunachodai ni kwamba yote yanaupima ufundi wa kisihiri wa taifa kwa namna maarifa yake yanavyomilikiwa, wala si kwa ukubwa wa ajabu yake. Mhakiki anayeishia kuuliza kama farasi wa mti aweza kuruka amesimama pamoja na mfalme wa Rum, akikitazama kilichomo hazinani bila ya kukijua. Nchi zetu zimekwisha kununua farasi wengi, na baadhi yao wamelala katika mabohari kwa kukosa mtu wa kuwaendesha. Wanafunzi wetu wanapozisoma kazi za aina hii, na waanze kwa kuuliza kigingi cha kushukia kiko wapi, na nani ameonyeshwa.