Mildred Pierce: nguo ya kazi iliyofichwa kabatini

Ndugu zangu wasomi, leo mnikubalie tuache kidogo habari za ajira na za barabara. Nataka tuzungumze juu ya filamu moja ya zamani, ya mwaka 1945, isiyo na rangi, iliyonikosesha usingizi hapa Mboko. Inaitwa Mildred Pierce. Wafaransa waliipa jina Le Roman de Mildred Pierce, na njo hiyo yenye maandishi ya Kifaransa chini ambayo rafiki anayesoma Bukavu aliniletea kwenye flashi.

Niliitazama nyumbani jioni, kompyuta juu ya kiti, betri ya sola ikiwa na nguvu ya saa mbili tu. Filamu yenyewe ni dakika 111, basi tukapona. Mama alikuwa pembeni anachambua ndagala za kupeleka sokoni kesho yake. Nikawa namtafsiria kidogo kidogo. Anayetaka kuitazama bila kujua mwisho wake asimame hapa, maana siwezi kueleza kilichoniuma bila kusimulia yote.

Filamu inaanza na risasi. Mwanaume mmoja, Monte Beragon, anauawa katika nyumba iliyo kando ya bahari. Anatamka jina "Mildred", kisha anakufa. Hatuoni aliyefyatua. Baadaye Mildred yuko kituo cha polisi, na anaanza kusimulia maisha yake. Bert, mume wake wa kwanza, hana kazi, na wanaachana. Mildred anabaki na binti wawili, Veda na Kay. Anaoka keki za kuuza, kisha anapata kazi ya kuhudumia meza katika mgahawa. Kay anakufa kwa nimonia. Mildred anafungua mgahawa wake mwenyewe, halafu mwingine na mwingine. Pesa zote zinaelekea kwa Veda: nguo, muziki, gari. Na Veda anamdharau mama yake kwa sababu ananuka jikoni.

Veda anadanganya kwamba ana mimba ili apate hundi ya dola 10,000 kutoka kwa familia ya kijana tajiri. Mama anapoichana ile hundi, binti anampiga kofi, naye anaanguka kwenye ngazi. Hata hivyo Mildred anakubali kuolewa na Monte, mtoto wa ukoo wa zamani uliokwisha pesa, ili tu Veda apate nyumba ya kifahari na arudi. Monte anamfilisi. Usiku wa sikukuu ya kuzaliwa kwa Veda, mama anamkuta binti yake mikononi mwa mume wake. Monte anamwambia Veda wazi kwamba hana mpango wa kumwoa, na Veda anafyatua bastola.

Filamu za namna hii Wafaransa wanaziita film noir, yaani filamu nyeusi. Aliyezipa jina hilo ni mwandishi Nino Frank, huko Paris mwaka 1946. Weusi wake si wa giza la picha peke yake. Ni filamu ambamo kila mtu ana kitu anachokificha. Mwongozaji ni Michael Curtiz, yule wa Casablanca ya 1942. Kitabu alikiandika James M. Cain mwaka 1941, na humo hakuna mauaji kabisa. Watengeneza filamu njo walioongeza maiti na polisi, ili maisha ya mama yageuke kuwa mahojiano. Joan Crawford, aliyecheza kama Mildred, alipata Oscar mwaka 1946, na ukimtazama macho yake utaelewa kwa nini.

Sasa, wahakiki wengi huielewa filamu hii hivi: mama alimpenda mtoto kupita kiasi, akamharibu. Wengine wanaongeza kwamba mwaka 1945 wanaume wa Marekani walikuwa wanarudi kutoka vitani, na filamu inawaambia wanawake waache kazi warudi jikoni, maana mama anayetafuta pesa familia yake itavunjika. Hata Veda anasema hivyo mwenyewe: niko hivi kwa sababu yako. Mama yake alikuwa ameshashika simu awaite polisi. Anaiweka chini.

Mimi nilikuwa naelekea kukubali maelezo hayo. Lakini tulipofika mahali fulani, Mama yangu aliacha ndagala akauliza: "Sasa ile nguo ya kazi anaificha juu ya nini? Si njo inalisha nyumba?"

Niliirudisha filamu nyuma. Kweli, Mildred hakuwaambia watoto kwamba anahudumia meza. Yunifomu yake aliificha chumbani. Veda akaitafuta, akaipata, akamvalisha Lottie, mfanyakazi wa ndani, ili mama aione kwenye mwili wa mtu mwingine na aaibike. Na Mildred badala ya kusema "ndiyo, ni yangu, njo inakulisha", anatafuta maelezo: kazi hii naifanya ili nijifunze biashara, nataka kufungua mgahawa wangu. Yaani mpaka hapo anamkubalia Veda kwamba kuhudumia meza ni aibu. Anachobishana naye ni kwamba aibu yenyewe ni ya muda tu.

Kwa hiyo nakataa kwamba kosa la Mildred ni kufanya kazi, na nakataa kwamba ni kupenda sana. Mtoto alijifunza kudharau jasho la mama kwa mama mwenyewe, siku aliyoliona limefichwa kabatini. Mengine yote yanafuata hapo. Mwanamke aliyezoea kuficha nguo anakuja kuficha muuaji. Anamdanganya Wally, rafiki wa biashara, anamfungia katika nyumba yenye maiti ili polisi wamkute yeye. Anawadanganya polisi. Usaliti wa Veda ni mkubwa, lakini ndani ya nyumba ile uongo ulikuwa na umri mrefu kuliko yeye na Monte.

Hapa lazima niseme pia pale filamu inaponikera. Lottie anachezwa na Butterfly McQueen, mwigizaji mweusi, na jina lake halimo katika orodha ya waigizaji. Sauti yake inatumika kuchekesha watu. Fikiri: filamu inamhukumu Veda kwa kuaibisha kazi ya mikono, lakini ile aibu inafanya kazi kwa sababu tu watazamaji wa 1945 walishakubali kwamba aliye chini kabisa ni dada mweusi wa jikoni. Hakuna anayemuuliza Lottie alijisikiaje kuvalishwa ile nguo. Curtiz hakuona kwamba yeye naye ana kabati lake.

Lakini kuna Ida, rafiki wa Mildred, mwenye ulimi mkali. Anatania kwamba mamba wana akili, maana wanakula watoto wao. Mama alicheka sana. Sisi wa Tanganyika mamba tunawajua.

Ndugu zangu, kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu nilipojiandikisha chuo mwaka wa kwanza, fomu iliuliza kazi ya mama. Nikaandika kwa Kifaransa kizuri: mfanyabiashara. Si uongo. Lakini mama yangu anaamka saa kumi za usiku kungoja mitumbwi, ananunua ndagala, anazianika kwenye mchanga, mvua ikija anakimbia kuzifunika. Alifanya hivyo tangu tulipokuwa wakimbizi Tanzania na yeye akiuza unga kwa vikombe, mpaka siku niliyotetea kazi yangu ya mwisho. Siku hiyo alikuja na kitenge kipya, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo asije akanuka samaki mbele ya wenzangu. Hakunuka. Alikuwa ameoga mara mbili, alikuja kuniambia baadaye akicheka. Mimi sikucheka.

Sikumpiga mama kofi kwenye ngazi. Lakini kati yangu na Veda, ile siku, tofauti ilikuwa ni kwamba Veda alisema kwa sauti. Na najua siko peke yangu hapa. Tunapenda kuandika kwamba tumetoka mbali, ila picha tunazoweka ni za kofia na joho, mara chache sana ni za beseni.

Mwishoni polisi wanamchukua Veda. Mildred anatoka nje asubuhi pamoja na Bert, na pembeni wanawake wawili wamepiga magoti wanasugua sakafu. Wengine wanasema picha hiyo inamrudisha mwanamke mahali pake. Mimi niliona kitu kingine: baada ya dakika 111 za watu kufichana, hawa wawili wanafanya kazi yao hadharani, na kamera inapita bila kuwauliza majina.

Betri ilikuwa inaisha. Mama akauliza: "Na yule mama, atarudia keki zake?" Nikamwambia filamu haisemi. "Arudie," akasema. "Mikono si anayo?" Akafunga gunia lake, akaenda kulala.

Ukiipata, itazame. Na kama aliyekusomesha bado yupo, mketishe karibu umtafsirie.